Baruti Kavu: Bunduki na Vikorokoro Vyake katika Bandari ya Dar es Salaam

Mtu aliyenunua bunduki Unguja miaka ya 1870 alikuwa bado hajapata bunduki. Alikuwa na mtutu mrefu wa chuma uliofungwa kwenye kitako cha mti, basi. Ili kitu hicho kimfae njiani kwenda Tabora au Ujiji alihitaji baruti na pembe ya kuitunzia, gumegume moja ya kutumia na nyingine za akiba, risasi za duara, mdeki wa kushindilia, vitambaa vikavu, beti la ngozi la kufunga kiunoni na mafuta ya kupaka chuma kisishike kutu. Kimoja kikikosekana, alichobaki nacho ni rungu la bei ghali.

Kuijaza ilikuwa kazi ya kutulia. Bunduki husimamishwa kitako chini, baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, kitambaa hufuata, kisha risasi, na mdeki huvisukuma vyote mpaka mwisho. Baruti nyingine kidogo huwekwa kwenye kisahani cha chuma kilicho kando ya mtutu. Mpigaji akivuta kifyatulio, gumegume hukwaruza chuma, cheche huangukia kisahani, na moto hupenya kitundu mpaka kwenye baruti ya ndani. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Upepo ukiipeperusha ile ya kisahani, au umande ukiilowesha, husikika "ka!" tu, na nyati bado amesimama pale pale.

Historia ya silaha katika pwani hii huandikwa kwa majina ya bunduki: gobori, Snider, Mauser, Kalashnikov. Ukiifuata kutoka upande wa vikorokoro, yaani baruti, fataki, beti na kitambaa cha kusafishia, inasomeka vingine kabisa. Mara nyingi aliyeshika ufunguo wa ghala la baruti alikuwa na nguvu kuliko aliyeshika bunduki.

Bunduki zenyewe hazikuwa adimu. Kila jeshi la Ulaya lilipobadili silaha zake katika karne ya 19, zile kuukuu zilitafutiwa soko, na mafundi wa Liège huko Ubelgiji walitengeneza nyingine za bei rahisi kwa ajili ya Afrika. Unguja ilikuwa mlango wake mkuu upande huu. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki zilifika kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hata tukikata nusu, kwa kuwa mabalozi nao hupenda kutisha wakubwa wao, bado ni nyingi. Kutoka Unguja zilivushwa kwa majahazi hadi Bagamoyo, Saadani, Pangani na Kilwa, kisha zikapanda bara vichwani na mabegani mwa wapagazi, kubadilishana na pembe za ndovu.

Dar es Salaam wakati huo haikuwa lolote la kutajwa katika biashara hiyo. Sultani Majid bin Said alianza kuijenga miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akitaka bandari ya kina kirefu iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba wa bahari. Alifariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na hamu nayo, na majengo yakaachiwa popo. Moja kati ya yale ya enzi za Majid, Boma la Kale, bado linatazamana na bandari.

Kuna jambo moja linalowashangaza wasomaji wa leo: kwa nini bunduki za gumegume ziliendelea kutumika bara miaka mingi baada ya fataki kuvumbuliwa? Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa, na haiogopi mvua kama kile kisahani cha baruti. Kwa mpigaji yeyote ni bora. Lakini fataki hutoka kiwandani Ulaya, na zikiisha Unyanyembe zimeisha. Jiwe hupatikana njiani. Mwindaji wa Unyamwezi aliyeng'ang'ania gumegume hakuwa mshamba. Alijua safari ya miezi mitatu kutoka pwani ina maana gani kwa kitu kinachohesabiwa moja moja.

Baruti nayo haikwenda yote kwenye vita na uwindaji. Misafara ilipokaribia mji ilipiga bunduki hewani kutangaza kwamba imefika salama, na wenyeji walijibu kwa bunduki zao. Ilipigwa harusini, mwezi wa Idi ulipoandama, mtoto wa mkubwa alipozaliwa. Waingereza na Wajerumani waliokuja baadaye waliudhika sana na "ufujaji" huo, ingawa wao wenyewe hawakuona manowari inaingia bandarini bila kuipigia mizinga 21.

Kufuli lilikuja kwa karatasi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, Zanzibar ikiwa mojawapo, yalitia saini Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa kupiga marufuku biashara ya watumwa, lakini vifungu vyake vya silaha ndivyo vilivyobadili maisha ya kila siku huku kwetu. Kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa na risasi zake zilikatazwa isipokuwa kwa serikali na watu wachache wenye kibali. Silaha na baruti zote zilitakiwa kuwekwa katika ghala la umma chini ya ulinzi wa serikali. Mwafrika aliachiwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, navyo vitoke ghalani kwa ruhusa tu. Wazungu walikuwa wameelewa kile ambacho wafanyabiashara wa Unguja walikijua zamani: huna haja ya kumnyang'anya mtu bunduki ukiweza kumpimia baruti.

Si kila mtu alilitii kufuli hilo. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyekuja kama mmisionari akageuka kuwa kiongozi wa misafara na kuoa Unyamwezini, aliendelea kupeleka silaha na baruti bara. Januari 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, aliagiza akamatwe, akamhukumu kwa haraka na kumnyonga. London na Berlin zilipiga kelele, kwa kuwa Stokes alikuwa raia wa moja na mtumishi wa zamani wa nyingine. Dola Huru ya Kongo ililipa fidia.

Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji wa Majid kuwa makao makuu ya koloni lao, na bandari iliyokuwa imesinzia ikaanza kupokea masanduku ya silaha kwa nembo ya serikali. Askari wao wa kwanza waliletwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 kuizima vita ya Abushiri: Wasudani walioandikwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Mkononi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi.

Hiyo Mauser 71 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu askari wa Dar es Salaam aliishi nayo kwa robo karne. Ilikuwa imara na rahisi kuifundisha: fungua, ingiza, funga, piga. Risasi yake nzito iliangusha chochote. Ubaya wake ulitoka katika baruti. Kila mlio uliachia wingu jeupe lililoning'inia hewani kwenye joto la pwani. Baada ya kupiga mara kadhaa askari hakuona shabaha yake, na adui aliona vizuri kabisa risasi inatoka kichaka gani.

Tena baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, bunduki iliyopigwa asubuhi na kuachwa bila kusafishwa inaweza kuanza kuota kutu kabla ya kesho yake. Mafuta peke yake hayatoshi, maana hayayeyushi chumvi. Dawa yake ni maji, ya moto ikiwezekana, kisha kukausha kwa kitambaa, na mafuta yaje mwisho. Mpiga shabaha wa leo anayeshindana katika kiwanja cha Kirigiti, Kiambu, ana baruti isiyo na moshi, viziba masikio, miwani ya kukinga macho na mkanda wenye vifuko vya magazini, lakini ufito wa kusafishia na vitambaa haviachi. Angemwelewa yule askari bila mkalimani.

Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, tofauti ya vifaa ilijionyesha kwa ukatili. Wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobori ambayo baruti yake ilikuwa imebanwa kwa miaka 15. Upande wa pili ulikuwa na bunduki za rasharasha na risasi zisizokwisha. Maelfu waliuawa, na njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa iliua wengi zaidi.

Wajerumani nao kufuli liliwageukia mwaka 1914. Vita vilipoanza, askari wao wapatao 2,500 wengi bado walibeba Mauser 71 ya moshi, na manowari za Uingereza zikaziba bahari. Kuanzia hapo kila risasi ilihesabiwa. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwaletea bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu na zaidi ya risasi nusu milioni, vyote vimeachwa ufukweni na jeshi lililokuja kutoka India. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilipenya hadi Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga, ikapigwa mizinga na kuzama kwenye maji mafupi. Wazamiaji walitoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, basi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa ikauka, zikafungwa tena. Nyingine zilikataa kulia, lakini zilizolia zilisogeza vita mbele kwa miezi mingi.

Baadaye mambo yalichekesha, kama vita vinaweza kuchekesha. Risasi za Kijerumani zilipokwisha, kikosi cha kamanda wao, Lettow-Vorbeck, kilivuka mto Ruvuma Novemba 1917 na kuwavamia Wareno huko Ngomano, kikabeba bunduki na risasi zao, na zile za 1871 zikatupwa. Kilipokuja kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zake zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Askari hufuata risasi zilipo.

Na risasi hizo hazikutembea zenyewe. Sanduku moja moja, mzigo wa kilo 25 hivi, zilikwenda kichwani mwa mtu kwa upande wa Waingereza na kwa upande wa Wajerumani pia. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam Septemba 1916, kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, iliwekwa nyuma ya mji. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kambi yao ndiyo Kariakoo, na jengo ambalo Wajerumani walilianza kwa ajili ya sherehe lilifunguliwa kuwa soko mwaka 1923.

Sanamu ya Wissmann iliyokuwa mjini iling'olewa na Waingereza, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927 kwenye njia panda ambayo sasa ni ya Mtaa wa Samora, bunduki yenye singe ikielekea bandarini. Mpagazi hakupewa ya kwake hapo, ila mwenzake wa Nairobi anayo, katika sanamu za mchongaji huyo huyo. Dar es Salaam mpagazi alipewa soko.

Baada ya Uhuru bandari ilipokea masanduku ya aina nyingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na silaha za Kirusi na Kichina kwa ajili ya FRELIMO ya Msumbiji na vyama vingine vya ukombozi zikaanza kupita hapa. Faida kubwa ya silaha hizo haikuonekana kwa macho: bunduki ya SKS, ya AK na ile ya rasharasha ya RPD zote hupiga risasi ya aina moja, ya milimita 7.62 yenye ganda la milimita 39. Mpiganaji msituni aliweza kukopa kwa jirani yake, anasa ambayo askari wa 1917 hakuijua. Mei 1965 msafara wa malori yenye silaha za Kichina uliotoka Tanzania kwenda Uganda ulikamatwa na polisi wa Kenya ulipokatiza Nyanza Kusini, na Kenyatta na Obote wakawa na mazungumzo magumu.

Sheria inayotumika sasa Tanzania ni ya mwaka 2015, ya udhibiti wa silaha pamoja na risasi, na mwaka 2022 serikali ilitoa nafasi ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushitakiwa. Gobori lingali katika taarifa za polisi, siku hizi si la Liège. Ni la mhunzi wa kijijini, mtutu wake bomba la maji, na hukamatwa pamoja na kichupa cha baruti na gololi za baiskeli zinazoshindiliwa badala ya risasi.