Jaa na Kihamba

Ganda la ndizi ni kitu duni machoni pa watu wa mjini. Likitoka jikoni hutupwa, na likitupwa husahauliwa. Lakini katika nchi ya Kilimanjaro ganda hilo lina historia ndefu kuliko ya mji wenyewe, na mtu akiifuata njia yake tangu mgombani hata jaani hujifunza habari za ardhi, za kazi ya wanawake na za biashara, ambazo wanaoandika juu ya Wamangi na vita vyao huzipita bila ya kuzitazama.

Soweto ni mtaa wa mji wa Moshi, na jina lake ni lile lile la vitongoji vya Johannesburg vilivyopewa jina hilo mwaka 1963. Nyumba za mtaa huo zina viwanja, na viwanjani aghalabu mna migomba michache, mchicha, mnafu, figili na sukuma wiki. Penye bustani ya namna hii, pembeni kwenye kivuli, si ajabu kukuta shimo au tuta la mabaki: maganda ya ndizi na ya viazi, majani yaliyofagiwa uani, majivu, mboga zilizonyauka kabla ya kupikwa. Baada ya miezi michache mabaki hayo hugeuka yakawa mboji, udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Wako wanaoidhania kazi hii kuwa elimu mpya iliyoletwa na mabwana shamba na semina. Dhana hiyo imekosa shabaha. Mboji ni ya kale sana katika nchi hiyo. Kitu kipya ni taka.

Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848, na Harry Johnston alipokaa Moshi mwaka 1884 katika nchi ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, waliikuta nchi ya migomba na ya mifongo, yaani mifereji iliyoteremsha maji kutoka mabonde ya juu hata bustanini. Mlima ule ni volkano, na udongo wake una rutuba ya asili. Hata hivyo rutuba ya asili peke yake haielezi jinsi migomba ilivyoweza kuzaa mahali pale pale kizazi baada ya kizazi, bila ya ardhi kupumzishwa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki shamba lilichoka likaachwa, na wenyewe wakafyeka jingine. Kihamba hakikuhama. Wala hakikuweza kuhama, madhali wafu wa ukoo walizikwa humo, na mipaka yake ilipandwa masale, na mtoto wa kiume alikirithi kwa baba yake kama baba alivyokirithi kwa babu. Watu waliojifunga kwa ardhi kiasi hicho hawakuwa na hiari ila kuilisha.

Walimlisha ng'ombe kwanza. Ng'ombe wa mlimani hakwenda malishoni. Alikaa ndani, katika nyumba ile ile ya msonge waliyolala watu, upande wake, akaletewa chakula. Alipewa majani ya migomba, na vipande vya mgomba uliokwisha kuzaa, na nyasi. Samadi na mkojo wake, pamoja na mabaki ya malisho aliyoyakanyaga, vilitolewa nje vikatandazwa kwenye mashina ya migomba. Majivu ya jikoni yalikwenda huko huko. Maganda ya ndizi yalikuwa chakula cha ng'ombe na mbuzi, na machicha ya mbege kadhalika hayakupotea. Yakini, katika nyumba ya namna hiyo hapakuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiita taka. Kila kilichotoka kinywani mwa mmoja kiliingia kinywani mwa mwingine, na mwisho wa safari ulikuwa shina la mgomba.

Lakini mduara huo haukujitosheleza, na hapa ndipo wasifuo kihamba huteleza mara nyingi. Nyasi za kutosha hazikuwako mlimani, kwa kuwa ardhi yote ilikuwa bustani. Zilitoka chini, katika tambarare kavu. Wanawake na wasichana waliteremka wakazikata, wakazifunga mizigo, wakapanda nazo vichwani mwendo wa saa nyingi. Vihamba viko kati ya mita 900 na mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtu anaweza kukisia mwenyewe maana ya kupanda sehemu ya kimo hicho na mzigo utosini, mara kwa mara, maisha yake yote. Kila mzigo wa nyasi ulikuwa rutuba ya nyika iliyopandishwa mlimani. Kihamba kilikula nyika, na shingo ya mwanamke ndiyo iliyokuwa njia ya chakula hicho. Watafiti Fernandes, Oktingati na Maghembe walipoandika juu ya bustani hizi mwaka 1984 walikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68 tu, na ndani ya vihamba walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea. Wingi huo katika eneo dogo kiasi hicho ulikuwa na gharama, na gharama yake haikulipwa kwa fedha.

Lugha ya Kiswahili, ambayo ni lugha ya miji tangu zamani, inalo neno jaa kwa mahali pa kutupia takataka. Mji wa pwani haukosi jaa, na wachimbaji wa mambo ya kale wamesoma mengi katika majaa ya miji hiyo kwa vigae vya vyungu, mifupa na makombe waliyoyakuta humo. Samadi ni neno la asili ya Kiarabu. Ama vunde linatokana na kuvunda, na mtu akisema mbolea vunde amekwisha kueleza kazi yote kwa maneno mawili. Yafaa kukumbuka kwamba kuvunda katika matumizi ya kila siku ni jambo la kuziba pua, na kwa mkulima ni jambo la kutazamiwa.

Elimu hii haikuwa ya Wachaga peke yao. Wamatengo wa Mbinga hulaza nyasi zilizokatwa kwa mistari inayokingamana, wakazifunika kwa udongo, nazo zikaoza chini ya mazao. Mashimo yanayobaki kati ya matuta huitwa ngoro. Wafipa hugeuza majani chini ya vichuguu vya udongo kwa mtindo ulio jirani na huo. Wakara, katika kisiwa chao cha Ukara ndani ya ziwa Victoria, walifunga ng'ombe na kukusanya samadi kwa uangalifu uliowastaajabisha wageni. Haya yote yalikuwako kabla ya neno mboji kuingia katika vitabu vya shule.

Mtu aliyeipa kazi hii sifa katika vyuo vya dunia alikuwa Mwingereza, Sir Albert Howard. Alifanya kazi India tangu mwaka 1905, na kati ya 1924 na 1931 aliongoza chuo cha utafiti katika mji wa Indore. Njia aliyoitangaza mwaka 1931 ikaitwa kwa jina la mji huo: mabaki makavu na mabichi hupangwa kwa tabaka pamoja na samadi, udongo na majivu, hutiwa maji kiasi, hugeuzwa ili hewa ipite, na kwa muda wa miezi mitatu hivi mboji huwa tayari. Mwaka 1933 njia hiyo ilianza kutumiwa katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, nchini Kenya. Howard hakuficha kwamba wakulima wa India na wa China walikuwa walimu wake. Kwa haki hiyo hastahili lawama. Waliostahili kuulizwa swali ni wale waliolima kahawa ng'ambo ya mpaka wa Tanganyika kwa ushauri wa kitabu chake, na hali mfano wake wa kale ulikuwa ukionekana mlimani kila siku, pasipo jina la kiingereza. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuihifadhi ardhi ilipendelea amri. Uluguru watu walilazimishwa kukata matuta ya ngazi hata zikazuka ghasia mwaka 1955.

Turudi Moshi. Wadachi walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, mwaka 1900, na reli yao kutoka Tanga ikafika mwaka 1911. Mji mpya ukakua mwisho wa reli, chini ya Moshi ya kale. Kahawa, ambayo wamisionari walikuwa wameipanda Kilema, ikaenea katika vihamba vya wenyeji, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Chama hicho kikafuatwa na kile cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Historia hii imeandikwa mara nyingi na kwa haki. Jambo ambalo halikuandikwa sana ni kwamba kahawa ilikuwa mgeni mwenye adabu. Buni zilimenywa nyumbani kwa mashine ya mkono, maganda yakabaki shambani, na mkulima alipeleka chama kokwa kavu, mzigo mdogo wenye bei kubwa. Kihamba kilipoteza kidogo kikapata fedha nyingi.

Ndizi si hivyo. Mkungu huteremka mzima, na maganda yake, na potasi yake yote ambayo mgomba uliitafuta ardhini kwa mizizi mingi. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei zilianguka, na wakulima wengi wakaitupa mkono kahawa yao, wengine wakaing'oa, wakategemea zaidi kuuza ndizi, maziwa na mboga. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliacha kupunguza bei ya mbolea ya dukani. Wakati huo huo vihamba viligawanywa kwa wana na wajukuu hata vikawa vipande, na vijana wakashuka mjini kutafuta kazi. Hivyo rutuba iliyopanda mlimani kwa shingo za bibi zao ilianza kushuka kwa magari.

Ilishuka ikaenda wapi? Ilikwenda sokoni Mbuyuni na kwingineko, kisha jikoni, kisha kwenye gari la taka. Moshi ni mji uliosifiwa mara nyingi nchini kwa usafi, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini usafi una namna mbili. Upo usafi wa kukirudisha kitu mahali pake, na upo usafi wa kukipeleka mbali na macho. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji ya Tanzania ni vitu vinavyooza. Vikilundikwa jaani bila ya hewa hutoa gesi ya methani, inayoongeza joto la dunia, na rutuba iliyomo haimlishi mtu. Ganda la ndizi, lililokuwa na cheo kihambani, likafika mjini likakivua.

Kwa sababu hiyo shimo la uani Soweto si jambo dogo kama linavyoonekana. Kazi yake inataka akili kuliko nguvu. Maganda mabichi peke yake hugeuka ute unaonuka na kukaribisha nzi. Majani makavu peke yake hukaa mwaka mzima bila ya kuoza. Vikichanganywa, kavu ikizidi mbichi, rundo hupata joto hata mkono hauwezi kustahimili ndani yake, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu. Wakati wa masika, Machi hata Mei, shimo hujaa maji na viumbe viozeshavyo hukosa hewa, kwa hiyo tuta la juu ya ardhi lenye kifuniko cha majani ya mgomba ni bora. Kuanzia Juni hata Septemba mambo hugeuka: tuta hukauka, na shimo ndilo lihifadhilo unyevu. Nyama na mafuta haviwekwi, kwa ajili ya panya na mbwa. Mifuko ya plastiki ilikuwa adui mkubwa wa kazi hii mpaka ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo maganda yalifika uani yamekwisha kufungwa ndani yake, na anayetengeneza mboji alianza kwa kuchambua.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ya dukani ilipopanda sana, kwa sababu miongoni mwake zikiwa vita vya Ukraine, serikali ililazimika kurudisha ruzuku. Wenye mashimo uani hawakuihitaji kwa mchicha wao. Anayeyatunza aghalabu ni mwanamke, kama ilivyokuwa kwa nyasi, ila safari yake imekuwa fupi: hatua kumi kutoka jikoni, na ndoo badala ya mzigo wa kichwani. Hapana awezaye kutamani siku za zamani zirudi kwa jambo hilo.

Lakini hesabu ya mlima haijalipwa. Mboji ya Soweto huilisha Soweto. Rutuba iliyotoka kihambani huokolewa isifike jaani, kisha hubaki chini kwenye mnafu wa uani, na migomba ya juu haipati kitu. Kule juu ng'ombe wa maziwa wa siku hizi, wa jamii za kigeni, wanaendelea kulishwa zizini, na mabua ya mahindi kutoka tambarare hupandishwa kwa magari kwa wenye fedha za kuyanunua. Asiye na fedha hupunguza ng'ombe, na akipunguza ng'ombe amepunguza samadi. Kila Desemba wana wa mlima waliotawanyika mijini hurejea kwao kwa sikukuu, na barabara za Marangu, Machame na Kibosho hujaa magari. Hupanda na mchele, sukari na nguo za watoto. Wanaposhuka hubeba mikungu ya ndizi, na wenye bustani mjini huongeza gunia la samadi waliyopewa na wazee wao.