Tarehe Isiyokuwako

Hesabu ya wagonjwa na wazazi wa Masagati husafiri mbali kabla ya kusomwa. Huanza katika madaftari ya MTUHA, hujumlishwa kila mwezi, kisha huingizwa katika DHIS2, programu iliyoenea Tanzania Bara mwaka 2013. Chini ya programu hiyo imo hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Huko Eldoret, Kenya, OpenMRS ilianza kutunza habari za wagonjwa mwaka 2006 juu ya hifadhidata nyingine, MySQL. Zote mbili ni huria, yaani ye yote aweza kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha pasipo kununua. Lakini hazikulelewa katika nyumba moja.

PostgreSQL ni mtoto wa chuo. Asili yake ni utafiti alioanzisha Michael Stonebraker huko Berkeley mwaka 1986, nayo ikashika desturi kwamba neno lisilo sahihi lisiingie kabisa. MySQL ilizaliwa Sweden mwaka 1995 mikononi mwa Michael Widenius na wenzake, waliotaka wepesi kwanza.

Twaa tarehe 31 Februari. PostgreSQL huikataa pale pale. MySQL ya zamani iliipokea. Matoleo yaliyofuata, yasipoamriwa ukali, yaliigeuza kuwa sifuri tupu, yakatoa onyo ambalo aghalabu halikusomwa na mtu. Ukali haukuwa desturi yake mpaka mwaka 2015. Wala huo haukuwa upumbavu: tovuti yenye wageni maelfu haipendi kusimamishwa kwa kosa moja. Ila mtoto si mgeni wa tovuti.

Tangu 1996 watafiti wa Ifakara wamepita nyumba kwa nyumba katika baadhi ya vijiji vya bonde la Kilombero, wakiandika kuzaliwa, kufa na kuhama. Umri wa mtoto aliyekufa hupatikana kwa tarehe mbili. Moja ikiwa sifuri, haijulikani kama alikufa kichanga au akiwa na miaka minne, naye hutoka katika hesabu iliyokusudiwa kumwokoa ndugu yake. Daftari kali humchelewesha karani wakati mama angali ameketi mbele yake, kadi ya kliniki i mkononi. Daftari pole humwacha aende zake. Kosa huonekana ofisini miezi kadhaa baadaye, na kumwuliza tena mama wa kijiji cha mbali kama vile Masagati, masika yakiwa yameifunga njia, ni safari nyingine.