Niongezee Jani: Historia ya Springi za Nyuma hadi Vitengeni

Gari linalotoka Kilifi kwenda Vitengeni huupa mgongo upepo wa bahari, likapita Ganze na kuingia nyika ya Wagiriama, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Huku magari hayaendi matupu. Magunia ya mahindi, mkaa, mitungi ya maji na mbuzi wa mnada, vyote huilemea ekseli ya nyuma. Ndiyo maana mwenye pikapu akimfikia fundi, ombi huwa lilelile: niongezee jani, yaani bamba moja zaidi la chuma kwenye springi za nyuma.

Ombi hilo lina asili ya mbali. Springi ya majani iliitangulia motokaa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Obadiah Elliott aliifunga kwenye magari ya kukokotwa na farasi, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Imedumu kwa sababu inafanya kazi tatu kwa mpigo: inabeba mzigo, inaishika ekseli isihame, na majani yake yakisuguana yanatuliza mdundo. Springi ya koili hubeba tu. Ekseli lazima ishikwe kwa vyuma vingine, na mdundo utulizwe na shokabsoba.

Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilizipima springi hizo mbili bila huruma. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, nyuma ikiwa na koili na ufito wa kuzuia ekseli isiyumbe kando. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, nayo ya koili. Ungedhani ubishi umekwisha. Lakini 1972 Hannu Mikkola wa Finland alinyakua ushindi kwa Ford Escort ya majani, na 1974 Joginder yuleyule akarudi na Mitsubishi Lancer, ya majani pia, akamwacha Björn Waldegård wa Porsche katika nafasi ya pili. Akashinda tena 1976.

Kwangu mimi, ushindi wa Joginder unafundisha kuliko kitabu chochote cha ufundi. Dereva mmoja, springi za aina mbili, na bado akatangulia. Magari ya mashindano hayakukazwa springi peke yake. Shokabsoba zilichaguliwa ziendane na springi, na mahali zinapofungwa kwenye bodi paliimarishwa.

Hapo ndipo penye kasoro ya jani la kuongeza. Springi ya majani matano yenye unene mmoja, ikipewa la sita, hukaza kwa takriban asilimia 20. Jani lenye unene maradufu lina ugumu mara 8. Shokabsoba ileile ya zamani haiwezi kuituliza nguvu hiyo. Gari likishusha mzigo Vitengeni na kurudi tupu, nyuma hudundadunda kwenye vituta vya barabara ya changarawe, tairi zikaachana na ardhi, na kwenye kona mkia ndio unaoteleza kwanza.

Peugeot 504 steshenwagen, iliyounganishwa humu nchini kwa miaka mingi na kubeba abiria wa safari ndefu, ilitoka kiwandani na jibu lake: koili mbili kila upande wa ekseli ya nyuma, na shokabsoba za kuzimudu. Probox iliyochukua nafasi yake haikupangiwa mizigo ya namna hiyo, kwa hiyo mafundi huiwekea vipande vya mpira juu au chini ya koili. Bodi huinuka, lakini koili haipati nguvu mpya. Kinachoongezeka ni kimo, na gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari wengi hawaambiwi. Pikapu nyingi zina valvu ya breki iliyofungwa kwa mkono wa chuma kwenye ekseli ya nyuma. Bodi ikishuka kwa mzigo, valvu huruhusu nguvu zaidi kufika kwenye breki za nyuma. Bodi ikiinuliwa kwa jani jipya, valvu huhesabu kwamba gari ni tupu hata likiwa na shehena ya magunia, na breki za nyuma hulegea pale zinapohitajika zaidi. Fundi anayeijua kazi hurekebisha mkono huo siku ileile anapokaza yubolti.