Siku Sungura Alipojibu

Mwaka 2000 nilikuwa darasa la nne, shule moja ya msingi nje kidogo ya Dodoma mjini, na kwenye ngonjera ya kufunga shule nilipangwa kuwa mjinga. Wenzangu walinicheka. Mimi nilifurahi, maana mjinga ndiye anayeanza kusema. Nilikuwa na beti nne: nauliza shule ina faida gani, mwerevu ananijibu, nauliza tena, ananijibu tena, na ubeti wa mwisho nakiri kwamba nimekosea. Mgeni rasmi anapiga makofi, tunaondoka kwa mstari.

Wakati ule sikujua kwamba mtindo huo una mwenyewe, tena mtu wa kwetu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyefanya kazi mahakamani na kuandika mashairi, ndiye aliyeipa ngonjera umbo tulilolizoea. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968 akawaomba wawafafanulie wananchi siasa mpya kwa ushairi. Mnyampala akaandika mashairi ya kujibizana, huyu hajui, yule anamwelimisha, mpaka wanakubaliana. Alifariki 1969, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971.

Shule zilizipokea haraka, na sababu iko wazi. Ngonjera haihitaji jukwaa wala mavazi. Ina vina na mizani, kwa hiyo inashika kichwani. Darasa lenye watoto wengi linaweza kugawana beti na kila mmoja akapata la kusema.

Simlaumu marehemu. Ngonjera ilinifundisha kupaza sauti bila kupiga kelele na kusimama mbele za watu bila miguu kutetemeka. Lakini kuna kitu kilinikaa rohoni: anayeuliza lazima ashindwe. Swali lake limeandikwa na yuleyule aliyeandika jibu.

Muhula uliofuata tukapata mwalimu mpya wa Kiswahili. Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, akatuambia tusogeze madawati ukutani.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akasimulia hadithi tuliyoijua wote. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, sungura anagoma kuchimba, kisha usiku anakuja kuiba maji. Kobe anajificha humo majini na kumkamata. Alipomaliza akauliza, "Haya, nani atakuwa kisima?"

Tukabaki kutazamana. Kisima nacho kinaigizwa? Watoto saba wakashikana mikono wakawa duara, hicho ndicho kisima. Fisi akaambiwa atembee kwanza kama fisi, kusema baadaye. Mimi nilikuwa kobe. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya katikati ya duara, macho nimefumba, nisikilize hatua za sungura zikikaribia. Jamani, kukaa kimya mbele ya darasa ni kugumu kuliko beti nne.

"Hamna cha kukariri," mwalimu alisema. "Msikilize mwenzako, ndiyo umjibu."

Sungura alikuwa mwenzetu mmoja mdogo wa mwili, mcheshi kweli. Nikamdaka mguu, darasa likacheka, akapelekwa mbele ya simba. Simba akakunja uso: "Kwa nini hukuchimba?"

Kwenye hadithi, hapo sungura hutoa ujanja wake. Yule mwenzetu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku mnachimba nilirudishwa nyumbani. Sikuwa na ada."

Kicheko kikakatika. Ada ya shule za msingi ilikuwa haijafutwa bado, ilifutwa mwaka 2001, na sote tulijua mara ngapi dawati lake lilikuwa tupu. Simba akamtazama mwalimu.

"Usinitazame mimi," mwalimu akasema. "Umeuliza, umejibiwa. Unasemaje?"

Simba hakuwa na la kusema. Fisi ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa: "Basi anywe. Kesho tuchimbe naye."

Miaka baadaye, chuoni, ndipo niliposoma kwamba waandishi wetu walikuwa wamekwisha kuirudia hadithi. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo msimulizi ndiye anayebeba mchezo. Penina Muhando akamweka Bi Msimulizi katika Nguzo Mama, 1982. Yeye na Amandina Lihamba wakavuka kuta za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme, ambao wasichana wa sekondari walitumia maigizo kueleza matatizo yao wenyewe. Jina lenyewe linajieleza. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka sungura wetu. Yeye alisema bila mradi wowote, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa amemwandikia jibu.

Mwezi uliopita nilitumwa na ofisi kwenye mahafali ya darasa la saba. Ngonjera ilikuwapo, nzuri tu, mizani haikuyumba. Mjinga alikuwa binti mwenye sauti safi, akauliza yote aliyopangiwa na mwishoni akakiri kosa lake kama nilivyokiri mimi. Nikapiga makofi pamoja na mgeni rasmi. Kisha nikamfuata nyuma ya hema nikamuuliza, kama angeachiwa atunge mwenyewe, angeuliza nini.

Alifikiri kidogo. "Kwani inaruhusiwa?" akasema.