Haki ya Kutunza: Programu Huria na Kumbukumbu za Kaya za Bonde la Kilombero

Ufuatiliaji wa kaya katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulianza mwaka 1996, watafiti wa Ifakara walipohitaji kupima iwapo vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto. Kila uzazi, kifo na uhamaji uliingizwa katika mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya FoxPro, programu ya Microsoft. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitangaza kuwa haitatoa toleo jingine. Kumbukumbu zilikuwa mali ya Ifakara. Msimbo wa programu iliyozisoma haukuwa, wala hapakuwa na mtumiaji mwenye haki ya kuuendeleza.

Haki hiyo ndiyo msingi wa Debian, mfumo huria wa uendeshaji ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kila kifurushi cha programu, ikiwamo R inayotumiwa na watafiti wa malaria kuchambua takwimu, kina mtunzaji, aghalabu wa kujitolea. Hupokea taarifa za hitilafu, huzirekebisha, na akishindwa kuendelea hukitangaza kifurushi kuwa yatima ili mwingine akichukue. Wapo mayatima wasiopata mlezi, na hapo leseni haisaidii kitu.

Tanzania iliuonja ugumu huo kwa upande wa lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kila toleo lililofuata lilileta maneno mapya ya kutafsiriwa. Mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga, na Kiswahili kikahitaji walezi wa pande mbili.