Kahawa ya Watu Wasiochaguana: Habari za Busia na Malaba

Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 haukuwapo mpaka wa dola, huu wa Kenya na Uganda, uliotenga Busia na Busia, wala Malaba ya ng'ambo hii na ya ng'ambo ile, kwani nchi yote hiyo, hata karibu na ziwa Naivasha, ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda; na Waingereza walipouhamishia mkoa huo katika himaya ya Afrika ya Mashariki, Wateso wa kandokando ya mto Malaba na Wasamia wa upande wa Busia walibaki kuwa ahali wamoja, wakiozana na kuzikana kama walivyozoea.

Ninalokusudia kulieleza si historia ya mstari huo wenyewe, bali ni ya watu ambao riziki iliwakutanisha juu yake bila ya wao kuchaguana. Katika makampuni makubwa ya zama zetu imezuka desturi ya kupiga kura kwa majina ya wafanyakazi, hata mtu wa hesabu akajikuta amepangiwa kunywa kahawa na mtu wa ghala ambaye hajapata kumwamkia, ili kazi isiwafanye wageni watu walio chini ya paa moja. Ni desturi njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini watu wa Busia na Malaba wameijua maana yake kwa muda mrefu, na kura yao ilipigwa na reli, na foleni, na chungu cha pombe.

Kwa Wateso, ajono hunywewa katika chungu kimoja kilichozungukwa na watu wenye mirija mirefu, na mgeni anayefika hupewa nafasi ilipo nafasi, si pale alipo mtu wa rika lake au wa kazi yake. Kwa Waganda, kahawa ilifunga jambo zito zaidi: wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja la mbuni, kila mmoja akaila punje iliyopakwa damu ya mwenziwe, na tangu saa hiyo adui wa mmoja akawa adui wa wote wawili. Tofauti ya ada hizi mbili ni kubwa, maana ndugu wa kuchanjiana huchaguliwa, ilhali jirani wa chunguni huletwa na kudra. Na mpakani, aghalabu, ni huyo wa kudra ndiye aliyefaa.

Reli iliyopita Malaba ikaingia Tororo, na hatimaye kufika Kampala mwaka 1931, ilileta ujirani wa aina nyingine. Tangu 1948 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa moja kwa nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 1949 idara ya forodha nayo ikawa moja, kiasi kwamba karani wa Kenya na karani wa Uganda walikuwa watumishi wa bwana mmoja, mmoja akihamishiwa kituo cha mwenziwe bila ya kuonekana mgeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watu waliokuwa wafanyakazi wenza jana wakawa leo maafisa wa dola mbili zinazotazamana kwa shaka, hasa kwa kuwa mwaka uliotangulia Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa amedai ardhi ya Kenya kwa hoja ya mpaka ule wa kabla ya 1902.

Ni katika miaka hiyo hiyo kahawa ilipopata sifa ya giza. Jalidi ya mwaka 1975 iliangamiza mibuni ya Brazili, bei ikapanda duniani kote, na mkulima wa Uganda, ambaye kwao alilipwa kidogo kwa fedha inayopungua thamani, akaona heri auze Kenya. Magunia yalivuka usiku kwa vichwa, kwa mitumbwi na kwa baiskeli, na soko la Chepkube, huko kwenye miteremko ya mlima Elgon, likavuma kwa magendo. Sisifu magendo, lakini biashara isiyo na stakabadhi ilisimama juu ya amana ya mtu kwa mtu, na amana hiyo haikuzaliwa siku ile, bali ilikuwa imekwisha kujengwa matangani, arusini na chunguni.

Baadaye zikaja zama za foleni. Dereva aliyetoka bandari ya Mombasa na shehena ya Kampala, Kigali au Juba alisimama upande wa Kenya kugongewa muhuri wa kutoka, kisha akasimama tena upande wa Uganda kugongewa wa kuingia, na baina ya mihuri hiyo miwili siku zilimpita. Aliyekuwa mbele yake na aliyekuwa nyuma yake hakuwachagua. Lakini ndio alioketi nao kibandani, utingo kwa dereva, Mombasa kwa Rwanda, wakinywa chai au kahawa chungu ya tangawizi, wakaambizana mizani ipi ni kali, daraja lipi limebomoka, na tajiri yupi hulipa.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua huko Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambako msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoiingia, akawakuta maafisa wa nchi zote mbili. Afisa wa Kenya akavuka na muhuri wake akaketi ubavuni mwa Mganda, na Mganda akavuka kuja huku. Kwa utaratibu huu ule ujirani wa makarani uliokufa mwaka 1977 umefufuliwa, ilhali muda wa kungoja, ambao ndio uliowalisha madereva urafiki, umepungua, na ni haki upungue.

Kwa hiyo sioni kuwa ni anasa kupiga kura ya kahawa baina ya maafisa wa kaunta hizo. Nijuavyo, lipo pingamizi moja la kweli, nalo ni rushwa: usuhuba wa afisa na wakala wa forodha huweza kugeuka njia ya mkato. Basi afisa apangwe na afisa wa nchi ya pili, wakala na wakala, dereva na dereva, na waketi barazani, mchana, mbele ya macho ya watu.