Ukuta wa Marahubi

Nilikwenda Marahubi kupima ukuta. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu ujenzi wa mawe na chokaa, na magofu ya kasri hili, kilomita 4 hivi kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, yanalindwa kama urithi. Sultani Barghash alilijenga kati ya 1880 na 1882. Inasemekana ukuta mkubwa wa bustani aliuiga kutoka Uingereza, alikozuru mwaka 1875. Umbo huenda lilitoka mbali, lakini mawe ya matumbawe na chokaa ni vya hapa hapa.

Nikiwa nimeinama na futi kamba, bibi mmoja alipita na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatafuta nini hapo?"

"Napima ukuta."

Akautazama. "Ulijengwa kumzuia nani? Wa nje au wa ndani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi maktaba na swali lake.

Kasri lilikuwa makazi ya masuria wa Sultani. Barghash huyo huyo ndiye aliyekubali mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Amri ya 1897 iliwapa watumwa nafasi ya kudai uhuru wao. Masuria hawakuhesabiwa pamoja nao. Mwaka 1899 kasri liliungua. Sakafu na roshani za mbao ziliteketea, nguzo na kuta zikabaki. Masuria nao walisubiri hadi 1909 ndipo sheria ikawafikia.

Jioni moja nilimpigia mama simu, nikamsimulia haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mama wa bibi yake alikuwa suria, katika nyumba nyingine mjini. Alitoka bara. Jina alilozaliwa nalo hakuna anayelijua.

Msimamizi wangu aliona sura hiyo mpya inatoka nje ya mada. Nilimwomba niibakize. Tunapoziba nyufa za ukuta ule tunaokoa kazi ya mafundi, na ni vyema. Lakini mgeni akiambiwa habari za bustani za Uingereza tu, ataondoka bila kujua waliokaa ndani.

Vipimo vyangu vimekamilika: urefu, unene, aina ya mawe. Swali la bibi nimeliweka ukurasa wa kwanza.